Uzee Usio na Akiba

Novemba 1884 maaskofu Wakatoliki wa Marekani walikusanyika mjini Baltimore kwa mtaguso wao wa tatu. Kati ya maagizo waliyotoa, moja liligusa maisha ya wanawake wengi kuliko mengine yote: kila parokia iwe na shule yake ndani ya miaka miwili. Shule inataka jengo, madawati na mwalimu. Jengo na madawati wangechanga waumini. Mwalimu alikuwa amekwisha kupatikana, tena kwa gharama ambayo hakuna serikali ingeweza kuishinda, kwa kuwa alikuwa ameweka nadhiri ya ufukara.

Masista wa Shule wa Notre Dame walikuwa miongoni mwa walioibeba kazi hiyo. Shirika lao lilianzishwa Bavaria mwaka 1833 na Karolina Gerhardinger, na mwaka 1847 yeye mwenyewe alivuka Atlantiki pamoja na wenzake wachache ili kuwafundisha watoto wa wahamiaji wa Kijerumani. Mwaka 1865 masista hao walifika Mankato, katika jimbo la Minnesota. Mwaka 1912 wakajenga nyumba mama yao juu ya kilima kinachoutazama mji, wakaiweka chini ya ulinzi wa Mama wa Shauri Jema, na hadi leo wenyeji hukiita Good Counsel Hill. Wasichana walioingia humo wengi wao walikuwa watoto wa wakulima na wa mafundi. Walifunzwa, wakavishwa shela, wakatumwa kwenye parokia za vijijini kufundisha darasa la kwanza lenye watoto hamsini au sitini.

Paroko hakumlipa sista mshahara. Alilipa shirika posho, na posho hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya alichopata mwalimu wa kike katika shule ya serikali mtaa wa pili. Pale ilipopungua, masista waliiongeza kwa kufundisha piano baada ya masomo, mtoto mmoja mmoja, kwa malipo kidogo. Ukiangalia hesabu za nyumba za watawa za enzi zile, piano ndiyo iliyonunua makaa ya mawe ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Hakukuwa na safu ya uzeeni katika hesabu hizo. Hakuna aliyeona haja ya kuiweka.

Haja ilikuwa na jibu la kale. Katika karne ya sita, Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake kwa ajili ya wamonaki wa Italia, na sura ya 36 inaagiza kwamba wagonjwa watangulizwe mbele ya yote, wahudumiwe kama Kristo mwenyewe, wawe na chumba chao na mhudumu mwenye bidii, waoge kila inapofaa, na walio dhaifu sana waruhusiwe nyama ambayo wenzao hawaigusi. Sura inayofuata ni ya wazee na watoto: ukali wa kanuni usiwabane katika chakula, na wale kabla ya saa ya wengine. Sheria hiyo ni fupi, lakini ina akili ya mtu aliyewahi kuishi na wazee. Mtakatifu Klara wa Assisi, aliyeugua kwa zaidi ya robo karne akiwa ndani ya monasteri ya San Damiano, aliweka katika Kanuni yake mwenyewe wajibu wa kila sista kumtumikia dada mgonjwa. Papa aliithibitisha Kanuni hiyo tarehe 9 Agosti 1253. Klara alifariki siku mbili baadaye.

Upendo huo ulikuwa na mfuko nyuma yake, jambo ambalo vitabu vya watakatifu hupenda kulipita haraka. Huko Ulaya msichana aliyeingia utawani alikwenda na mahari iliyotolewa na baba yake, kama ambavyo angetoa kwa mume. Fedha hiyo haikuwa ya kutumiwa ovyo. Hata Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 bado ilikataza mahari ya mtawa kuguswa kabla hajafa: iwekezwe, nyumba ile faida tu, na akitoka arudishiwe. Kwa hiyo mtawa wa zamani, hasa yule wa nyumba ya ndani yenye ukuta na lango, aliingia na chakula chake cha uzeeni mkononi. Binti wa mkulima wa Minnesota aliingia na sanduku la nguo.

Akiba yake ilikuwa nini basi? Ilikuwa ni msichana atakayeingia baada yake. Sista wa miaka ishirini alifundisha, posho yake ikaingia katika mfuko mmoja, na mfuko ule ukamlisha sista wa miaka themanini aliyekuwa kitandani ghorofani. Kila aliyekuwa kijana aliamini kwamba siku yake ikifika kutakuwa na kijana mwingine. Na mpango ule ulifanya kazi vizuri ajabu kwa muda mrefu, kwa sababu mbili. Wanovisi, yaani wasichana wapya walio katika malezi, hawakukatika, na masista wengi hawakuzeeka. Katika karne ya 19 kifua kikuu kilipita katika mabweni ya watawa na kuwachukua wakiwa bado vijana; ukitembea katika makaburi ya mashirika yale ya zamani utakuta misalaba mingi ya watu wa miaka ishirini na kitu.

Wodi ya masista wagonjwa ilikuwa, kwa kawaida, bawa la nyumba mama lililo karibu na kikanisa. Katika nyumba nyingi walijenga roshani au dirisha la ndani ili walio vitandani wasikie Misa. Baadaye vikaja vipaza sauti vilivyovutiwa waya hadi kila chumba, na sala za asubuhi na jioni zikamfikia aliyeshindwa kuinuka. Mhudumu mkuu alikuwa sista mwenzao, mara nyingi muuguzi aliyesomea, akisaidiwa na wanovisi. Wasichana hao walijifunza mengi zaidi pale kuliko darasani: kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza, kumlisha uji taratibu, kuvumilia swali lile lile mara kumi kwa saa. Walijifunza pia historia ya shirika lao, kwa maana kila mzee aliyekuwa mle alikuwa na habari za parokia fulani, paroko fulani mkorofi, mwaka fulani wa theluji.

Na mzee mwenyewe hakuachwa akae tu. Shirika halikuwa na neno la kustaafu. Sista aliyeacha kufundisha alipewa kazi nyingine kwa barua ya mkuu wake, kama alivyopewa zamani: kumenya viazi, kupanga stempu za posta za kuuza kwa ajili ya misioni, kupokea simu, kufuma soksi za watoto maskini, kukaa na mwenzake aliyepofuka na kumsomea gazeti. Aliyebaki na sauti tu alipewa kazi ya kusali kwa ajili ya majina aliyoletewa. Alipokaribia kufa hakuachwa peke yake. Walipokezana zamu usiku na mchana kando ya kitanda, na alipokata roho walimwimbia Salve Regina. Hospitali bora kabisa mjini haikuweza kununua huduma ya namna hiyo. Kwa macho ya mhasibu, hata hivyo, haikuwa imelipiwa na mtu yeyote.

Miaka ya 1950 ilidanganya. Wasichana walifurika. Mashirika mengi yalikopa fedha na kujenga nyumba mama kubwa mpya, zenye mabweni ya mamia ya wanovisi. Mwaka 1965 Marekani ilikuwa na masista karibu 180,000, na shule za Kikatoliki zilikuwa na watoto zaidi ya milioni tano. Mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya kuyafanya upya maisha ya kitawa, ukayataka mashirika yarudi kwenye chimbuko lao na kuusikiliza ulimwengu. Maelfu walitoka. Wengi walikuwa bado na umri wa kufanya kazi, yaani wale hasa ambao mfuko uliwategemea. Walioingia wakapungua mwaka hadi mwaka. Mabweni mapya yakabaki na vitanda vilivyotandikwa bila mtu wa kuvilalia.

Ni rahisi kulaumu waliotoka, na wapo waliowalaumu. Mimi sioni hivyo. Aliyefundisha miaka kumi na tano na kutoka hakuchukua kitu. Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya, ingawa inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo. Deni lilianzia nyuma zaidi, pale parokia ilipopokea kazi ya mwalimu kwa sehemu tu ya gharama yake na kuhesabu kilichobaki kuwa sadaka. Sadaka ile ilikuwa uzee wake. Waliofaidika ni wazazi waliolipa ada ndogo, na watoto waliopanda kutoka vibarua hadi mawakili, hata mmoja wao akafika ikulu.

Serikali nayo ilikuwa imewaacha nje. Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilianza mwaka 1935, ikimhesabu mtu kwa mshahara wake, na mtawa hana mshahara. Mapadre wa majimbo walifunguliwa mlango kuanzia 1955, wakaweza kuchangia kama watu waliojiajiri. Walioweka nadhiri ya ufukara walibaki nje hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1972. Hata hapo njia yenyewe ilikuwa ya mzunguko: shirika liliruhusiwa kuwaandikisha watu wake na kulipa sehemu zote mbili za mchango, ya mwajiri na ya mwajiriwa, na kwa kuwa hakukuwa na mshahara, makadirio yalifanywa kwa thamani ya chakula, malazi na mavazi ya sista. Anayeishi kwa ufukara alikadiriwa kwa ufukara wake. Matokeo yake, pensheni anayopata sista ni ndogo kuliko ya karibu kila mfanyakazi mwingine nchini humo, hata kama alifundisha miaka hamsini bila kukosa siku.

Wakuu wa mashirika walijua hali ilivyokuwa, lakini waliona haya kusema. Kuomba kwa ajili ya wengine walikuwa hodari. Kujiombea ilikuwa jambo jingine. Aliyelitoa nje ni mwandishi wa habari. Mei 1986 John Fialka wa gazeti la Wall Street Journal, gazeti la wafanyabiashara lisilo na uhusiano wowote na sakristia, aliandika kwenye ukurasa wa kwanza juu ya masista wazee wasio na fedha za matunzo, wengine wakiishi kwa msaada wa serikali, na nyumba zikiuzwa ili kulipa wauguzi. Barua zenye hundi zilianza kufika, nyingi kutoka kwa watu waliofundishwa kusoma na masista. Mwaka ule ule kikaundwa chama cha walei, SOAR, cha kuwasaidia watawa wazee. Maaskofu nao wakakubali kuwe na mchango wa kitaifa kila Desemba, ulioanza mwaka 1988. Ulipangwa kwa miaka kumi. Haujakoma hadi leo, na umekwisha kupita dola milioni 900.

Fedha hizo hazigawiwi kama zawadi ya Noeli. Shirika linapaswa kwanza kufungua vitabu vyake, likadirie lina wazee wangapi, wataishi hadi lini, watahitaji uangalizi wa aina gani. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuketi na mtaalamu wa bima na kusikia idadi ya miaka waliyobakiza ikitamkwa kama bei ya mahindi.

Mwaka 1986 huo huo, Mankato ilipokea mgeni wa namna nyingine. David Snowdon, mtaalamu kijana wa epidemiolojia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alipanda Good Counsel Hill baada ya mwanafunzi wake mmoja, aliyewahi kuwa mtawa wa shirika hilo, kumfungulia njia. Alitaka kujua ni nini kinachowafanya wengine wazeeke vizuri na wengine waharibikiwe. Kwa mtafiti, masista walikuwa hazina: hawavuti sigara, hawazai, wanakula chungu kimoja, wanalala chini ya paa moja, wana daktari yule yule. Mambo mengi yanayovuruga tafiti nyingine hapa yalikuwa sawa kwa wote.

Ugunduzi wake wa mwanzo haukuhusu ubongo, aliokuja kuuchunguza baadaye. Masista waliosoma hadi shahada waliishi muda mrefu zaidi na kujitegemea zaidi uzeeni kuliko wale wenye elimu ndogo, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wapishi, wafuaji na watunza nyumba. Hili lafaa kukaliwa kidogo. Wanawake hawa walishiriki meza moja na daktari mmoja kwa miaka sitini, na bado tofauti ya aliyeshika chaki na aliyeshika sufuria iliwafuata hadi wodini. Maisha ya pamoja yalisawazisha mengi, ila hilo hayakulifuta.

Baada ya Snowdon kuhamia Chuo Kikuu cha Kentucky, uchunguzi ulipanuliwa hadi kanda nyingine za shirika. Kati ya masista 1,027 waliostahili, 678 walikubali, wenye umri wa miaka 75 hadi 102. Walikubali kupimwa kumbukumbu kila mwaka, na walikubali pia kwamba wakifa ubongo wao utolewe na kuchunguzwa. Kwa nini wakubali jambo zito kiasi hicho? Kwao ilikuwa kutumwa tena. Walikuwa walimu; mwili ukishindwa kusimama mbele ya darasa, waliona bado unaweza kufundisha.

Katika makabati ya kumbukumbu za shirika, Snowdon alikuta hazina nyingine. Septemba 1930 mkuu wa masista wa Amerika Kaskazini alikuwa ameagiza kila sista aandike habari za maisha yake kwa kifupi, karatasi moja tu, kabla ya nadhiri. Insha hizo za wasichana wa miaka ishirini na mbili zililinganishwa na hali yao walipofika miaka themanini. Walioandika sentensi zilizobeba mawazo mengi walipata ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, kwa nadra. Walioandika kwa ukavu walizidi kuupata. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1996, na watu wakaanza kuulizana kama kuandika vizuri ni dawa. Utafiti haukusema hivyo. Yawezekana kabisa kwamba insha ilikuwa dalili tu ya jambo lililokuwamo tayari kichwani. Kilichowashangaza zaidi madaktari ni sista mmoja, anayejulikana katika maandishi yao kama Sista Mary, aliyefariki akiwa na miaka 101 huku majibu yake ya vipimo yakiwa mazuri kabisa. Ubongo wake ulipopasuliwa ulikuwa umejaa alama za Alzheimer.

Utafiti huo ulisoma insha na tishu, na ilikuwa haki yake. Mimi ningeongeza wodi. Mtu anayeitwa kwa jina kila asubuhi, mwenye kazi aliyopewa kwa barua na nafasi yake kikanisani, hawezi kulinganishwa moja kwa moja na mzee aliyefungiwa na televisheni.

Lakini kuitunza wodi ya namna hiyo bila wanovisi kulizidi kuwa kugumu. Mikono ikawa ya kuajiriwa. Yeyote mwenye ndugu Minnesota au Massachusetts anajua kwamba kazi ya kuwahudumia wazee ndiyo mlango ambao wahamiaji wengi kutoka Kenya huingilia, na nyumba za watawa nazo zimepata wauguzi wasaidizi wao kutoka humo humo. Nyumba zikalazimika kufuata vibali vya serikali: upana wa milango, idadi ya wahudumu wa usiku, lifti, dawa kufungiwa kabatini.

Halafu ukaja mwaka 2020. Maisha ya pamoja, yaliyokuwa nguvu ya nyumba hizi, yakawa njia ya ugonjwa. Huko Livonia, Michigan, Masista Wafelisiani kumi na watatu walifariki kwa Korona kati ya Ijumaa Kuu na mwisho wa Juni. Desemba, katika nyumba ya Notre Dame ya Elm Grove, Wisconsin, walikufa wanane ndani ya wiki moja, wanne kati yao siku moja. Zamu za kando ya kitanda zilikatazwa. Wenzao waliwaaga kwa simu.

Elm Grove yenyewe ilikuwa tayari inafungwa. Masista walishakubaliana na Chuo Kikuu cha Mount Mary, walichokianzisha wenyewe, kujenga Milwaukee makazi yanayoitwa Trinity Woods, yaliyofunguliwa mwaka 2021, ambamo masista wazee na walei wazee wanakaa jirani na wanafunzi wa kike wanaolea watoto bila waume. Masista wa Mankato nao waliteremka kutoka kilimani kwao na kuhamia Shakopee, katika makazi ya wazee yanayoendeshwa na Wabenedikto.

Afrika Mashariki ina watu wake katika habari hii. Masista wa Maryknoll, walioingia Tanganyika mwaka 1948 na kufungua Marian College mjini Morogoro, ambayo leo ni Sekondari ya Kilakala, huzeekea Ossining, New York. Kati yao wamo waliotumia zaidi ya nusu ya maisha yao huku kwetu, na Kiswahili chao walikwenda nacho.

Na mashirika yaliyozaliwa hapa yamekomaa. Bannabikira wa Uganda walianza mwaka 1910. Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro mwaka 1931. Huku wasichana bado wanaingia, kwa hiyo kijana bado anambeba mzee, kama Minnesota ya 1920. Sista aliyeajiriwa na serikali, mwalimu au muuguzi, ana namba katika mfuko wa hifadhi ya jamii na mafao yake huingia katika mfuko wa shirika. Mwenzake aliyepika katika nyumba ya askofu miaka thelathini, aliyelima shamba la shirika au kufua nguo za altare, mara nyingi hana namba hiyo. Mashirika machache yameanza kuwaandikisha wote na kumtaka paroko alipe mchango wa mwajiri juu ya posho. Baadhi ya maparoko wanauliza ni sheria ipi inayowalazimisha.